Meza ya Mnunuzi: Magunzi ya Kitale, Pipa la Viwandani

Mwezi huu barua nyingi zimeniuliza jambo moja: kemikali zinazotengenezwa kutokana na mabaki ya shambani, na kama kweli zina soko. Nimechagua nne. Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Kilifi, na kwa miaka 23 nilikuwa mnunuzi wa malighafi katika kiwanda cha rangi na resini hapa Viwandani, Nairobi. Nilikaa upande wa meza wa yule anayefungua pipa, ananusa, anapima, kisha anaamua kama atalipa. Najibu kutoka upande huo.

"Malighafi ni ya bure. Tulipe amana?"

Mama, hujambo? Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Umoja, kwetu ni Trans Nzoia. Tuna chama cha watu 40, kila mmoja ana kama ekari tatu za mahindi kule nyumbani. Mwezi wa pili nililipa shilingi 4,500 kuhudhuria semina katika hoteli moja katikati ya jiji. Tulionyeshwa ripoti ya soko la kemikali mbadala duniani, yaani zinazotokana na mimea badala ya petroli, mshale unapanda hadi ukingo wa ukurasa. Mwalimu alisema magunzi ya mahindi hutoa kemikali inayoitwa furfurali, malighafi ni ya bure, na kwa milioni mbili na nusu watatuletea mtambo. Tumeshachanga laki sita. Tulipe amana?
Kijana wa Umoja

Msilipe, mwanangu. Hizo laki sita ziacheni kwenye akaunti ya chama, kisha tuzungumze.

Kuhusu kemikali yenyewe mwalimu wenu hakudanganya. Furfurali ipo na inauzwa. Unachukua magunzi, unayatia asidi ya salfuriki kidogo, unayapitishia mvuke wenye joto la nyuzi 160 hivi, na ile sukari iliyojificha ndani ya gunzi inageuka na kutoka pamoja na mvuke. Ukiupoza na kuukeneka unabaki na kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu ya lozi. Kikikaa kinageuka rangi ya chai ya mkandaa, halafu kinakuwa cheusi. Wanunuzi wake wakubwa ni watengenezaji wa resini inayoshikanisha mchanga wa kalibu katika viwanda vya kusubu chuma, na mitambo ya kusafisha mafuta ya injini.

Alipokosea ni kwenye neno "bure". Chukua kalamu tupige hesabu pamoja.

Tuseme kila ekari imetoa magunia 20 ya kilo 90, mavuno mazuri tu. Hiyo ni kilo 1,800 za mahindi. Magunzi yake, yakishakauka, ni kama moja ya tano ya uzito wa punje, yaani kilo 360. Ekari zenu 120 zitawapa tani 43 za magunzi kwa mwaka. Katika kiwanda kinachoendeshwa vizuri, tani moja ya magunzi makavu hutoa takriban kilo 100 za furfurali. Kwa hiyo chama kizima kitapata tani 4.3. Pipa la lita 200 huchukua kama kilo 230, kwa sababu furfurali ni nzito kuliko maji. Jumla yenu ni mapipa 18, au 19 mkibahatika. Kwa mwaka. Mtambo mdogo unaokula tani 10 kwa siku utamaliza magunzi yenu yote kwa siku nne na kidogo, halafu boila inazimwa na wafanyakazi wanakaa wakitazamana hadi mavuno yajayo.

Na hiyo boila! Tani moja ya furfurali hutaka mvuke wa tani 20 na zaidi. Milioni mbili na nusu hazinunui boila ya kazi hiyo, sembuse matangi yasiyoliwa na asidi, mnara wa kukeneka na mahali pa kutibu maji machafu yanayotoka, ambayo yana asidi ya siki na yataua samaki mtoni mkiyamwaga.

Kisha kuna lori. Magunzi ni mepesi na yana nafasi nyingi katikati, kwa hiyo lori hujaa kwa macho kabla halijajaa kwa uzito. Unalipia dizeli ya kubeba hewa. Kila niliyemwona akianguka katika biashara hii aliangukia hapo, kati ya shamba na lango la kiwanda.

Hebu tazama waliofaulu walianzia wapi. Kampuni ya Quaker Oats ndiyo iliyoanza kutengeneza furfurali kibiashara, mwaka 1922, mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Walikuwa wasaga oti. Maganda ya oti yalikuwa yamerundikana kinuni hapohapo, yanawashinda pa kuyapeleka. Afrika Kusini furfurali hutengenezwa Sezela, KwaZulu-Natal, kutokana na makapi ya miwa, ndani ya kiwanda cha sukari ambacho tayari kina makapi, mvuke na mafundi. Kwa wote wawili taka zilikuwa zimeshafika kwa gharama ya biashara nyingine. Sisi Eldoret tuliwahi kuwa na kiwanda cha furfurali cha kutumia magunzi, katikati kabisa ya nchi ya mahindi, na kilifungwa. Waulize wazee wa huko kabla hamjatia sahihi karatasi yoyote.

Wala msidhani ni Waafrika tu. DuPont walifungua kiwanda kikubwa mjini Nevada, Iowa, mwezi wa kumi 2015, cha kugeuza mabua ya mahindi kuwa ethanoli, yaani spiriti. Mwaka 2017 wakakifunga. Clariant ya Uswisi ilijenga kiwanda Podari, nchini Romania, cha kula tani 250,000 za majani ya ngano kwa mwaka na kutoa tani 50,000 za ethanoli. Desemba 2023 wakatangaza kukifunga. Hizo ni kampuni zenye maabara na mabilioni. Kemia yao ilifanya kazi kwenye chupa. Majani ya shambani huja na mchanga, mawe na unyevu wa mvua, na mwaka mzima unahitaji mzigo ule ule mlangoni kila asubuhi.

Sasa ripoti yenu ya mshale. Sijaiona, lakini nimesoma nyingi za aina hiyo nikiwa kazini, na nakuomba ufanye jambo moja: tafuta ndani yake ni bidhaa gani zimejumlishwa. Mara nyingi utakuta ethanoli ndiyo imebeba fungu kubwa. Tena kemikali nyingi zinazoitwa mbadala hazitokani na taka hata kidogo. Plastiki ya NatureWorks kule Blair, Nebraska, hutokana na punje za mahindi zenyewe. Ile ya Braskem nchini Brazili, iliyoanza 2010 kwa uwezo wa tani 200,000, hutokana na ethanoli ya miwa. Soko hilo linakua kweli na ninalifurahia. Ila mshale wake haupiti Trans Nzoia kwa sababu tu kuna magunzi. Na furfurali inatawaliwa na China, inayotumia magunzi kama yenu. Mwaka 1995 Umoja wa Ulaya uliiwekea furfurali ya China ushuru maalumu kwa kuwa iliuzwa kwa bei ya chini mno. Bei ya namna hiyo ndiyo mtakayokutana nayo kwa wanunuzi wa Barabara ya Enterprise, hapa Viwandani.

Mnaweza kufanya nini? Jifunzeni kwanza kazi ya kukusanya. Yakausheni magunzi vizuri juani, yawekeni chini ya paa, pimeni unyevu, pimeni uzito, na muuzie wenye boila za kuni walio karibu nanyi, ndani ya kilomita 30 hivi. Viwanda vya chai na vya usindikaji hutafuta kuni kila mwaka. Mtapata pesa kidogo, na mtapata daftari la miaka miwili linaloonyesha mnaweza kuleta tani ngapi, mwezi gani, zikiwa na unyevu gani. Akija mtu wa kujenga kiwanda cha kweli, atalitaka daftari hilo kabla hajauliza jina la chama. Shilingi 4,500 za semina nazisikitikia. Nyinyi ni watu 40 mnaoaminiana kiasi cha kuchanga laki sita, na jambo hilo ni adimu kuliko magunzi.

"Ndani ya tani yangu mna spiriti kiasi gani?"

Mama, mimi ni mkulima wa miwa wa upande wa Muhoroni, kwa sasa niko Kayole kwa mwanangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Nalipwa kwa uzito wa miwa, basi. Nasikia molasi ndiyo inatengeneza spiriti inayouzwa huku Nairobi. Ndani ya tani yangu moja mna spiriti kiasi gani?
Mzee wa Miwa

Pole kwa macho, Mzee wangu, Mungu akuponye.

Tani moja ya miwa huacha molasi kama kilo 40 baada ya sukari kutoka. Tani nzima ya molasi hutoa takriban lita 250 za spiriti. Kwa hiyo kila tani unayopeleka mzanini imebeba kama lita 10 za spiriti. Imebeba pia karibu kilo 300 za makapi, nusu yake ikiwa ni maji, na makapi hayo ndiyo yanayochomwa kuendesha kiwanda.

Hapo kwenu Muhoroni, Agro-Chemical and Food Company imekuwa ikigeuza molasi kuwa spiriti na hamira tangu mwanzoni mwa miaka ya 80. Ninapoulizwa kama kemikali za mabaki zinawezekana Kenya, huwa naanza na mfano huo. Imedumu kwa sababu ileile niliyomwambia kijana wa Umoja. Molasi hutoka kiwandani ikiwa imekusanyika, inatiririka, inaingia tangini kwa pampu. Hakuna anayeiokota shambani.

Na soko lake nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kila mwenye jiko na dumu alitaka kutengeneza sanitaiza. Sisi wa rangi tuliokuwa tukinunua spiriti miaka yote tulijikuta tukipanga foleni nyuma ya watu tusiowajua, tukinyenyekea kupata mapipa matano.

Unalouliza chini ya swali lako nimelisikia, Mzee: kwa nini sehemu ya pesa hizo haifiki kwako. Kwa maoni yangu ni haki yako, na pa kulidai ni ndani ya chama cha ushirika, wakati bei ya miwa inapojadiliwa, mkiwa na hesabu hii mkononi. Lita 10 kwa tani. Iandikeni kwenye karatasi, muiweke mezani.

"Nibadilishe kozi?"

Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu, chuo kikuu hapa Nairobi. Kemikali mbadala zina kazi kweli au nihamie kompyuta?
Binti wa Ngara

Baki, binti yangu. Ila usisubiri kazi yenye jina hilo. Anayetengeneza spiriti, sabuni, rangi au dawa ya mbu anahitaji mtu anayejua kupima, na wanaojua kupima kwa mikono yao ni wachache. Mwaka huu jizoeze kupima asidi, unyevu, unato na rangi ya kimiminika hadi uweze ukiwa na usingizi. Peleka barua ya mafunzo ya kazini KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda iliyo South C, na kwenye kiwanda chochote cha sabuni kitakachokufungulia lango, hata kidogo. Chukua pia somo moja la hesabu za gharama.

"Nimeandikia viwanda vitatu, hakuna aliyejibu"

Dada, mimi naishi Githurai 45. Kaka yangu ana kinu cha kukoboa mpunga Mwea. Maganda yanarundikana nyuma ya kinu hadi yanapita paa. Tunayachoma usiku, na asubuhi majirani wanalalamika moshi. Nimesikia majivu yake yanatumika kwenye tairi na sabuni. Nimeandikia viwanda vitatu, hakuna aliyejibu hata mmoja.
Mama wa Githurai

Dada yangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu wewe una rundo. Mpunga wa wakulima wengi umeletwa kinuni kwa gharama zao, na maganda, au kumvi kama tunavyosema Pwani, yamebaki mikononi mwenu, makavu, ya aina moja.

Mpunga wa tani tano huacha maganda tani moja hivi. Ukiyachoma unabaki na majivu kama kilo 200, na majivu hayo, yakichomwa vizuri, karibu tisa ya kumi ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Kuhusu tairi umesikia sawa: Goodyear hutumia silika ya majivu ya maganda ya mpunga. Lakini usianze na tairi. Anza na sabuni. Majivu hayo yakipikwa na kostiki soda hutoa silikati, kimiminika kizito kama uji mwepesi. Watengenezaji wa sabuni huinunua, na watengenezaji wa katoni huitumia kama gundi. Nenda River Road kwenye maduka ya kemikali ambako akina mama wa sabuni hununua kostiki na ungaroli, ile ya kutoa povu, uulize bei ya silikati kwa kilo na inatoka wapi. Matembezi ya asubuhi moja tu, nauli na chai.

Kuna sharti la moto. Rundo mnalolichoma usiku halijiwezi: katikati linabaki jeusi kwa kaboni, juu linaungua kupita kiasi. Likizidi joto, silika hugeuka fuwele. Fuwele hizo haziyeyuki vizuri kwenye kostiki, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu kabisa. Ndugu zako wasiyachekeche majivu bila barakoa nzuri. Mnataka moto wa nyuzi 600 hadi 700 unaopata hewa ya kutosha, na majivu ya kijivu hafifu yanayosagika kati ya vidole. Jiko la matofali lenye feni, likijengwa na fundi anayejua, linaweza. Hapo KIRDI wanaweza kukupimia.

Sasa kwa nini hawakukujibu. Nadhani uliwaandikia kwamba una majivu mengi. Mnunuzi akisoma neno "mengi" anaiweka barua kando, kwa sababu anachoogopa ni pipa la pili kutofanana na la kwanza. Nikueleze jambo lililonipata mimi.

Kwetu Kilifi tulikua tukichoma korosho uani, na kila mtoto anajua mafuta ya ganda lake: yakikurukia mdomoni unatoka malengelenge. Mafuta hayohayo hutengeneza resini nzuri sana ya vanishi na ya breki za magari. Siku nilipomshawishi meneja tununue ya kwetu badala ya kuagiza ng'ambo, nilijisikia nimeifanyia Pwani jambo. Mfanyabiashara mmoja alileta chupa ya nusu lita. Ilikuwa nzuri, nyekundu ya kahawia, haina maji. Tukaagiza mapipa 20. Yalipofika tulipima la kwanza tu, kwa sababu ratiba ilikuwa imetubana, na mwenye kutia sahihi nilikuwa mimi.

Tulipoyapika hadi nyuzi 150, ketili kubwa ya kiwandani ilianza kupanda povu. Fundi akafunga mvuke, povu likaendelea kupanda, likainua mfuniko, likamwagika sakafuni jeusi na moto. Kijana mmoja aliungua mkono kuanzia kiwiko, akakaa nyumbani wiki mbili. Ketili ilipopoa, mabaki yalikuwa yameganda ndani. Watu wawili waliingia na patasi, wakabandua kwa siku tatu.

Tulipochunguza tukakuta mapipa 12 yalikuwa mafuta yaliyokwisha kupikwa, kama ile sampuli, na manane yalikuwa mabichi, yaliyokamuliwa tu. Mafuta mabichi ya ganda la korosho yana asidi ambayo ikipashwa moto hutoa gesi, ndiyo maana hupikwa kwanza kabla ya kuuzwa. Yule mfanyabiashara alikuwa amepungukiwa, akajaza kwa alichokuwa nacho ili mzigo utimie. Alinilia machozi ofisini. Kwake yote yalikuwa mafuta ya korosho. Baada ya hapo tulinunua kutoka India kwa miaka minane, na kila pipa la India nililolitilia sahihi lilinichoma moyo.

Kwa hiyo usimwandikie mtu barua nyingine kwanza. Wakishajenga jiko, mwambie kaka yako na watu wake wachome kwa siku tatu tofauti, kila siku mkiandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na uzito wa maganda yaliyoingia. Kila siku mchukue kilo mbili za majivu kutoka katikati, mzitie kwenye mfuko mkavu wa nailoni, mfunge, mbandike tarehe. Mifuko yote mitatu ipelekeni maabara. Majibu yakikaribiana, piga picha ya karatasi hizo, zishike mkononi, na uende langoni mwa kiwanda cha sabuni Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Usimuulizie mkurugenzi. Muulizie mtu wa maabara, umpe mfuko mmoja, na mwambie ni tani ngapi kaka yako anaweza kuleta kila mwezi, hata kama ni moja.